Muwasho Ulioachwa Njia Panda

Enzi hizo mbwa alikuwa hajikuni. Viroboto wachache alikuwa nao, kama mnyama yeyote mwenye manyoya, lakini aliwang'ata wakaisha, basi. Nyasi zilipochanua na upepo ukatimua ule unga wao wa manjano, mbwa alipita katikati yake akatokea upande wa pili ngozi laini na macho makavu, utadhani kapita hewani. Muwasho wa nyasi ulikuwa wa binadamu. Tena si wa binadamu wote, ulichagua. Na katika nchi ile ya tambarare, ulimchagua mjane mmoja aitwaye Nyamizi.

Kila mwaka mvua zikielekea kukatika na nyasi zikitoa maua, macho ya Nyamizi yalivimba, ngozi ikainuka vipele toka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, naye akajikuna mpaka damu. Nyasi zikikauka, alitulia. Lakini makovu hayakauki na nyasi. Watu waliyaona makovu, nyasi hawakuziona, wakasema mama huyu ana upele, na upele unahama kwa mkono. Desturi yao kwa mwenye upele ilikuwa moja: anajengewa kibanda mbali na watu, nje kabisa ya mashamba, kule pori la nyasi linakoanzia. Ndiyo akili za wengi hizo. Mtu anawashwa na nyasi, wakamjengea ndani ya nyasi, kisha wakashangaa haponi.

Mwanawe Mihayo hakumtupa, hilo tulikubali. Kila jioni mkewe, Kabula, alipeleka ugali wa mtama na mlenda, akauweka juu ya kichuguu kilichokuwa nusu ya njia, akaita, "Chakula hicho!" na kugeuka kabla mwenye chakula hajatoka. Nyamizi aliijua sura ya mkwewe kwa kisogo. Alikuwa na mbwa mmoja tu pale, dume la rangi ya jivu, akampa jina Waseme, ili watu wakisikia anaitwa wajue wameambiwa wao. Mchana kutwa aliongea naye. Mbwa hajibu, lakini pia haondoki unapokuwa hujamaliza sentensi.

Basi Kabula akajifungua binti. Na kwa kuwa mtoto wa kwanza wa kike huitwa jina la bibi yake, akaitwa Nyamizi. Habari ilifika kibandani kwa kupigiwa kelele toka kichuguuni, "Mama, tumekuzaa!" halafu kisogo. Yule mwanamke alikaa na furaha yake peke yake kama mtu aliyepewa nyama na hana moto. Mtu duniani ana jina lake, na yeye hajamshika hata kidole. Hapo ndipo uvumilivu wake ulipokatika. Kesho yake chakula kilipoletwa alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kufika, "Mwambie mume wako aniletee mganga. Nataka kuoshwa. La sivyo nakuja hivi hivi, mtakimbia nyumba yenu wenyewe."

Akaitwa Lubinza, mganga wa maradhi ya ngozi, mzee mwenye pua ndefu na maneno mafupi. Kuosha kwa siku hizo kulikuwa na sheria zake. Mgonjwa huogeshwa kwa maji ya majani machungu, palepale njia panda, na maji yakaachwa yanywewe na ardhi. Ugonjwa unabaki ndani ya maji ukingoja. Kiumbe wa kwanza kuyagusa ndiye anauokota na kwenda nao. Kwa hiyo siku hiyo watu walijifungia, mbuzi walifungwa kamba, kuku walifunikwa matenga, na watoto walikatazwa hata kuchungulia. Naye aliyeoshwa alipewa amri mbili: asigeuke nyuma, na asifungue mdomo mpaka aingie nyumba ya watu.

"Ukigeuka umeurudia," alisema Lubinza. "Ukisema umeuita. Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Mwaga maji, mzee, nina mjukuu."

Akaoshwa. Maji yalitelemka mwilini yakaenda kwenye nyasi za pembeni ya njia, nazo zilikuwa katika kuchanua kwao, zimejaa unga. Lubinza akaondoka upande wake, Nyamizi upande wake.

Hajafika mbali alisikia kucha juu ya udongo mgumu. Alizijua. Mbuzi walikumbukwa, kuku walikumbukwa. Mbwa hakuna aliyemkumbuka, maana mbwa wa mwenye upele nani anamhesabu? Waseme alikuwa amefuata harufu ya mama yake. Nyamizi alisikia kucha zikisimama pale njia panda. Akasikia pua inavuta. Kisha akasikia mwili unajilaza na kujigaragaza kwenye nyasi mbichi, pale harufu yake ilipokuwa imekolea, kama mbwa anavyofanya mahali anapotaka kupafanya pake.

Neno moja lingemwinua. "Toka!" ingetosha. Nyamizi aliligeuza neno lile mdomoni, akaliona lile jina lake dogo likiwa limelala kwenye mkeka wa Kabula, akalimeza. Akaendelea kutembea. Tusimpake rangi: alijua, na akaendelea kutembea.

Jioni ile ngozi yake ilinyamaza. Alilala nyumba ya watu, akaamka hana kipele. Siku zilipita, Kabula akamkagua mikono, mbele na nyuma, kama anayenunua viazi, kisha akamwekea mtoto mapajani. Nyamizi hakulia. Alisema tu, "Pua hii si yetu," na akamshika mpaka miguu ikafa ganzi.

Waseme alibaki kibandani. Walimwambia Nyamizi amwache huko alinde vitu, na huko hakukuwa na kitu. Mwaka uliofuata nyasi zilipotoa maua, mbwa alitokea pembeni ya uwanja wa Mihayo. Alikuwa anajitafuna vidole vya miguu mpaka vimelowa. Tumbo lilikuwa jekundu, manyoya yamenyonyoka chini ya makwapa, masikio anayatikisa kama anafukuza nyuki asiyeonekana. Alikaa pale, hakubweka. Alijikuna, akamtazama mama yake, akajikuna tena.

Mihayo alimtupia gunzi. Mbwa akasogea hatua, akakaa.

"Mama, usithubutu," alisema Kabula. "Ule ugonjwa wako ndio ule pale, una mkia. Mkono wako ukimgusa yule, mwanangu humshiki tena."

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema."

Nyamizi alimpa mbwa mgongo. Alipepeta, akasonga, akambembeleza mtoto, na kazi zote zile alizifanya akisikia kucha zikikwangua ngozi kule pembeni. Usiku mtoto alilala kifuani pake na yeye akakodoa macho. Mtu aliyekaa peke yake miaka mingi huijua sauti ya mwingine aliye peke yake. Haikosei.

Lililomwinua halikuwa huruma. Ilikuwa jioni moja, Kabula alipokwangua ukoko wa chungu, maana hakuwa mtu mbaya, akaupeleka mpaka pembeni ya uwanja, akauweka juu ya jiwe, akaita, "Chakula hicho!" na kugeuka kabla mbwa hajafika.

Nyamizi akasimama. "Shika mwanao," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Shika mwanao, Kabula."

Akachukua kibuyu cha maji, akaenda mbele ya macho ya watu wote wa nyumba ile na ya jirani. Akachuchumaa. Akamwosha mbwa miguu kidole kwa kidole, akamtoa ule unga wa nyasi uliokwama katikati, akamfuta tumbo kwa upindo wa nguo yake mwenyewe, kisha akamkuna mahali ambapo kucha za mbwa hazifiki. Mbwa alifumba macho. Hakuna aliyemzuia Nyamizi, na hakuna aliyemfuata walipoondoka wawili kurudi kibandani.

Huko alijifunza kazi. Asubuhi upepo ukitimua unga, mbwa anafungiwa ndani. Akitoka, akirudi, miguu inaoshwa na kufutwa ikauke. Muwasho haukuisha, ulipungua, mbwa akapata kulala. Na kila alfajiri Nyamizi aliinua mikono yake kwenye mwanga wa mlango akaitazama, akingoja. Hakikuja kipele. Msimu ukaisha. Msimu mwingine ukaja na unga wake, akamkuna mbwa kwa mikono miwili, akalala naye mgongo kwa mgongo. Hakikuja.

Ndipo akaelewa, na kuelewa huko kulimuuma kuliko upele wote aliowahi kuwa nao. Muwasho ule haujawahi kuhama kwa mkono. Miaka yote ile wangeweza kumshika.

Kabula naye aliona. Jioni moja aliweka chakula juu ya kichuguu na hakuita, wala hakugeuka. Alisimama na binti yake, ambaye sasa alikuwa anatembea. Nyamizi akaja.

"Mikono yako, mama," alisema Kabula.

"Itazame."

"Ni mizima."

"Ilikuwa mizima hata ulipokuwa unakimbia."

Nyamizi akachuchumaa, akamnyooshea mikono yule mwenye jina lake. Mtoto akajificha nyuma ya mama yake. Hakumjua mwanamke yule. Ni Waseme aliyesogea, akaegemeza ubavu wake kwenye kigoti cha mtoto, kama anayeomba. Na mtoto, kabla mama yake hajapiga kelele, akaingiza vidole kwenye manyoya na kumkuna. Nyamizi alikaa na mikono yake mitupu, akatazama.

Walimchukua Nyamizi wakarudi naye nyumbani, naye akaenda, maana kuni zilikuwa zimeanza kumshinda na kiburi hakisongi ugali. Watu wakaja kumpa mikono, wengi, mpaka wale wa mbali. Aliipokea yote. Mkeka wake alitandika karibu na mlango, na aliyelala pembeni yake ni mbwa.

Na tangu siku hiyo, nyasi zikichanua, mbwa hujitafuna miguu, hujikuna tumbo na hutikisa masikio, kwa sababu nyasi zile za njia panda zilikunywa maji yale na kuzaa mbegu, na mbegu zikaenda kila mahali. Na tangu siku hiyo, mbwa akizidiwa humjia mtu na kumwegemea mguuni, na mwenye akili humfuta miguu, asimfukuze, kwa kuwa muwasho ule si wa kuambukiza.

Ila mtu mwenye makovu bado anawekewa sahani yake peke yake, mpaka leo. Hilo msiulize lilianzaje. Mambo mengine hayana kisa. Ni roho mbaya tu.