Ufa Katika Muhuri wa Naufali

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ya kwamba katika mji mmoja wa Ajemi aliishi mja mwema akiitwa Naufali bin Hurayth, fundi wa kuchora mihuri. Mwaka mmoja Sultani aliwaalika mafundi saba wabuni dinari mpya ya nchi. Kila mmoja alipewa kipande cha chuma cha pua kutoka ghala la Sultani, achore muhuri wa kugongea dhahabu iwe sarafu, Jina la Mola katikati na tawi la mkomamanga pembeni.

Naufali alichora siku arobaini, udhu haumtoki. Kazi ilipokwisha aliutia muhuri motoni hadi ukawa mwekundu, akauchovya majini upate ugumu, kama ilivyo ada ya mafundi. Maji yakalia, na ndani ya mlio ule akasikia kitu kidogo: ta! Kila fundi wa chuma anaijua sauti hiyo, na hakuna anayependa kuisikia. Akaupangusa muhuri, akaugeuza juani. Ufa mwembamba kama unywele ulipita chini ya Jina. Ungestahimili sarafu mia za kwanza. Baada ya hapo ungefunguka, na kila dinari ingetoka na mkwaruzo juu ya Jina tukufu.

Ndugu zangu, hapo ndipo raha ilipomtoka. Maana mafundi wa mji ule walikuwa na desturi kali: aliyepasua chuma cha Sultani, tindo zake za kuchorea huwekwa juu ya fuawe, lile chuma la kufulia, zikavunjwa mbele ya watu, na hachori tena maisha yake yote. Naufali alikuwa na miaka sitini, na kazi nyingine haijui. Siku tatu chakula hakikumpita kooni. Alikuwa akianza swala, kisha asijue yuko rakaa ya ngapi.

Mkewe, Bibi Rumaysa, aliona. "Baba Lubna, una nini?"

"Muhuri una ufa. Lakini hauonekani."

"Na ukifunguka baadaye, ataulizwa nani?"

Naufali akainama. "Mgonga nyundo. Watasema amegonga vibaya."

"Basi, mume wangu, hofu yako unataka kumtwika mtu mwingine." Akaenda zake jikoni.

Siku ya kuchagua ilipofika, mafundi saba walikaa barazani kwa Sultani. Msimamizi wa nyumba ya sarafu aligonga dinari moja kwa kila muhuri juu ya fuawe. Sultani akazitazama zote, kisha akaishika ya Naufali.

"Hii ndiyo dinari yangu," akasema. "Ni kazi ya nani?"

Naufali akasimama. Neno moja tu, "Yangu," lingemtosha kushinda.

"Ni yangu, ewe Sultani, Mungu akuhifadhi. Wala usiichague. Muhuri wake una ufa, nami nimeuficha siku tatu kwa kuogopa."

Kisha akatoa tindo zake kwenye mfuko wa ngozi, akazilaza juu ya fuawe, akafumba macho kungojea nyundo.

Nyundo haikuja. Akasikia chuma kikigusa chuma. Alipofumbua macho alimwona fundi Bakhtiyari, hasimu wake wa miaka ishirini, anaweka tindo zake kando ya zile.

"Na muhuri wangu una ufa," alisema, machozi yakimlengalenga.

Akafuata wa tatu, akafuata wa nne, hata fuawe ikajaa tindo za mafundi wote saba.

Sultani akaamuru ghala lifunguliwe na chuma kijaribiwe. Kila kipande kilichochovywa majini kilipasuka. Watu saba walikuwa wameishi na hofu moja, kila mmoja akidhani aibu ni yake peke yake.

Tindo hazikuvunjwa. Siku ile Naufali alikula wali mpaka Bibi Rumaysa akacheka. Kilipopatikana chuma kingine mafundi walichora upya, na dinari iliyochaguliwa ilikuwa ya Bakhtiyari. Naufali alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na hatukusikia kwamba alijuta.

Ewe Mola, tuepushe na kuificha aibu ambayo jirani naye anaificha, tukaogopana bure hali Wewe unatuona sote.