Maua Yasiyozaa

Mtu mmoja alikuwa na mbegu saba za maboga, na hapakuwa na mwingine kijijini aliyebakiwa na hata moja. Njaa ya miaka miwili ilikuwa imewafanya watu wakaange mbegu na kuzila. Hizi saba mama yake alizificha ndani ya majivu, akafa bila kuzigusa. Lilikuwa boga la ganda gumu, la kukaa darini mwaka mzima lisioze. Mtu huyo aliitwa Kiangi. Hakuwa mwizi wala mlevi. Hasira zake zilikuwa za karibu, na jambo alilisema kama lilivyo.

Mvua iliponyesha alizipanda zote nyuma ya jiko, kila shimo na samadi yake. Zikaota zote. Majirani wakawa wanapita kutazama, kila mmoja akijiombea mbegu ya msimu ujao. Kiangi akaahidi, na akiahidi hutoa.

Kisha maua yakachanua. Machache yalikuwa na kiboga kidogo shingoni. Mengi yalisimama juu ya vikonyo vitupu. Kiangi akayatazama haya kama mtu atazamavyo shemeji aliyekuja kula bila jembe.

"Mnakula samadi yangu, mnazaa nini?"

Akayanyofoa, akawatupia mbuzi. Kila asubuhi akarudi kumaliza yaliyochanua. Mkewe, Nakijwa, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akatazama, akarudi ndani.

Viboga vikageuka manjano, vikalainika, vikaanguka. Kimoja, viwili, vyote. Kiangi akaongeza samadi, akaongeza maji, akalaani wadudu ambao hawakuwapo. Mvua ikakatika. Mashina yakakauka bila boga hata moja. Akachuchumaa penye shimo la mwisho, akasema kwa sauti, "Nimekosea wapi mimi?"

"Yale uliyowapa mbuzi ndiyo madume, Baba Eliudi," mkewe akajibu. "Bila hayo kiboga hakishiki."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini nilipokwambia mahindi yanaoza ghalani, ulimwaga chakula mbele ya wageni, ukaniuliza tangu lini jiko linafundisha shamba. Nikakoma."

Kiangi akainuka, akaanza kung'oa mashina makavu. Wiki hiyo majirani wakaja mmoja mmoja kudai ahadi, naye akamwambia kila mmoja, bila kuficha, kwamba mbegu ile haipo tena duniani. Msimu uliofuata mvua ikanyesha vizuri kuliko miaka yote, na nyuma ya jiko yakaota magugu.

Ninyi mnaojisifu kuwa mnawaambia watu ukweli, nyumbani mwenu amebaki nani anayethubutu kuwaambia ninyi?