Wimbo Uliolaza Milima

Paukwa! Pakawa! Mbona mnaitikia kama watu walioshiba ugali? Sogeeni motoni.

Zamani, zamani sana, enzi ambazo watu ndio walioifuata mvua, milima ilikuwa ikitembea. Ndiyo, ikitembea, wewe cheka tu. Ilikwenda polepole, na watu wamejenga migongoni mwake, na kuku wao na mbuzi wao. Kila mlima ulikuwa na mbembelezaji wake, ambaye hakuruhusiwa kuuacha. Ukifika msimu wa kupanda, aliuimbia beti mbili, ukasinzia mpaka mavuno. Ubeti wa tatu ulikuwa mwiko. Mlima ukiusikia huo, hauamki tena.

Mbembelezaji wa Mlima Kengewa alikuwa Bi Kidawa, mjane mwenye binti mmoja, Tumu. Huyo Tumu aliolewa Mlima Shoka, na milima hiyo miwili ilikutana mara moja tu kwa mwaka. Mwaka huo ilipokutana, Tumu alikuwa na mimba pevu, ya kwanza. Alimshika mama yake mkono, akamwambia anaogopa, asimwache ajifungue peke yake.

Jioni ile ile Kengewa akaanza kutikisika. Bi Kidawa akamwomba angoje siku saba. Akakataa. Akamwomba siku tatu. Akakataa. Akamwomba moja tu.

"Mwanangu," Kengewa akasema, "nimekubeba tangu unatambaa. Lakini nina kiu, na mvua haingoji mtu."

Bi Kidawa akaketi, akaweka kiganja juu ya jiwe. Akaimba ubeti wa kwanza, Kengewa akatulia. Akaimba wa pili, akasinzia, lakini kiu ikamzindua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, jamani. Akaimba wa tatu.

"Huo siujui," Kengewa akasema kwa sauti ya usingizi. "Ni mtamu."

"Lala, baba," Bi Kidawa akamwambia, machozi yakimtoka.

Kengewa akalala. Shoka akasikia, naye akalala. Upepo ukauchukua wimbo mlima hadi mlima, mpaka yote ikalala pale ilipokuwa. Asubuhi watu walimlaani, wala hawakukosea: tangu siku hiyo mvua tunaingoja sisi.

Bi Kidawa akashuka bondeni kwa miguu, akampanda Shoka, akampokea mjukuu kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akalia. Akamwimbia ubeti wa kwanza, akamwimbia wa pili, akafika kwenye wa tatu, akamkumbuka Kengewa. Akauvumisha puani tu, bila maneno.

Nanyi mkibembeleza watoto, mkifika mwisho wa wimbo, si mnavumisha tu? Haya basi. Hadithi yangu nayo imelala hapo, msiiamshe.