Kidole cha Mwenyekiti

Mtu mmoja alikuwa na tundu kwenye soksi, na siku hiyo alikuwa Japani. Angekuwa nyumbani kwake Tukuyu, tundu lile lisingemsumbua hata kidogo. Ambilikile alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa chai, na mwenyekiti akifika kwa watu, hata kama viatu vya wageni wengine vimejaa barazani, mwenye nyumba humkimbilia akasema, "Pita tu na viatu, Mwenyekiti." Miaka yote alipita tu na viatu. Mkewe alipomwambia afungashe soksi mpya, alimcheka. Nani ataangalia soksi zake?

Chama kilikuwa kimealikwa kuona mashamba ya chai, na siku ya mwisho wenyeji wakawapa matembezi ya mji wa Kyoto. Siku hiyo ndiyo Ambilikile aliyoiombea. Tangu utotoni mwake, ukutani kwa mama yake kulikuwa na kalenda yenye picha ya ukumbi wa mbao wa huko Kyoto. Watu wameketi sakafuni, wametupa mgongo, wanaangalia kitu ambacho picha haikukifikia. Mwaka wa kalenda ile ulishapita zamani, lakini mama hakukubali ishushwe, na kila akiipita huuliza, "Hivi hawa watu wanaangalia nini?" Sasa macho yake yalikuwa yanafifia. Mwanawe alimwahidi, mbele ya kanisa zima, kwamba ataingia, atakaa palepale walipokaa wale, na atamletea jibu.

Asubuhi, ndani ya basi, kiongozi wa msafara akasimama na kibendera chake cha njano. Aliitwa Bi Noriko. Aliwahi kufundisha hisabati Morogoro, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko cha Katibu wa chama. Akasema kila watakapoingia leo watavua viatu, na tafadhali wabaki na soksi, wasiingie miguu mitupu. Ambilikile akainama kwa siri, akachungulia kiatu cha kulia. Kidole gumba kilikuwa nje chote, kimetulia kama kiko kwao. Akaivua soksi ile akaihamishia mguu wa kushoto. Lo! Sasa kidole cha mwisho ndicho kikachomoza.

Hekalu la kwanza wenzake wakavua, wakaingia. Yeye akabaki.

"Lazima mtu mzima mmoja alinde viatu," akasema.

Bi Noriko akamweleza kwa upole kwamba hapa viatu haviibiwi. "Kila mahali wanasema hivyohivyo," akajibu, akajikalia zake kwenye ngazi.

Hekalu la pili akasingizia kuwa tumbo linamuuma. Mgahawani, ambako watu hula wameketi juu ya mikeka, alikaa kizingitini, makalio ndani na miguu nje, kama mtu aliyekuja kuposa na hajakubaliwa. Ng'ambo ya barabara aliona duka limetundika soksi za kila rangi. Lakini kwenda kule kulihitaji ruhusa ya Bi Noriko, naye angeuliza kuna nini, na mwenyekiti mzima aseme nini mbele ya wanachama wake? Akashindilia wali.

Hekalu lililofuata watalii wengine wakamdhania mtumishi wa mlangoni, wakamkabidhi viatu vyao. Naye kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akavipanga: vikubwa huku, vidogo kule, visigino ukutani. Mzee mmoja wa Kijapani alimwinamia mpaka chini, akampa peremende. Mwenyekiti naye akainama. Mnacheka, eh? Subirini. Mwenzenu alikuwa ameanza kuipenda kazi ile, na hapo ndipo palipoharibika.

Alasiri wakafika kwenye ukumbi wa kalenda. Aliujua kabla hajaambiwa, kwa paa lake na nguzo zake. Bi Noriko akasema hapa ni pa mwisho na mlango unakaribia kufungwa, kwa hiyo waingie haraka. Basi Katibu, kwa heshima zake zote, akawasimamisha watu pembeni.

"Mwenyekiti, tangulia. Hapa ni pako."

Heshima nyingine ni balaa, ndugu zangu. Msafara mzima umesimama unamtazama avue! Ambilikile akashika kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. "Nendeni," akasema, "nakuja." Wakaenda. Akajiambia atawaacha wazame kwenye hicho wanachokiangalia, kisha ajipenyeze nyuma yao. Akalegeza kamba. Akaikaza. Huko ndani kukawa kimya, watu wa Tukuyu wamenyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo hata msibani hakuwahi kulisikia. Akaogopa kuwa atakayeingia sasa ndiye atakayegeukiwa.

Walipotoka, Mama Tusekile, mama mtu mzima mwenye maneno mengi, alikuwa anafuta machozi. Akaketi karibu naye kuvaa viatu, na Ambilikile akaona soksi zake: vidole vyote viko nje. Akamwangalia Katibu. Soksi moja nyeusi, nyingine ya bluu, na zote mbili zimetoboka kisigino.

"Mmeona nini?" akauliza.

"Haielezeki, Mwenyekiti," akasema Mama Tusekile. "Ungeingia tu."

Hapo alivichomoa viatu bila kufungua kamba, akapanda ngazi mbio, kidole nje mbele ya chama kizima, na hakuna hata mmoja aliyekiangalia. Mlinzi alikuwa anausogeza mlango wa mwisho. Akamwinamia Ambilikile kwa adabu kubwa, akaomba radhi, akafunga.

Alipofika nyumbani, mama alimshika mkono akamkalisha chini ya kalenda. "Haya, mwanangu, nieleze. Walikuwa wanaangalia nini?" Ambilikile akamsimulia habari za viatu, jinsi vinavyopangwa, vikubwa huku, vidogo kule. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani, akaendelea kuitazama ile migongo.

Nanyi mliocheka toka mwanzo, hebu semeni: ni mlango gani mnaoulinda kwa nje mpaka leo, kwa ajili ya kidole ambacho hakuna anayekiangalia?