Waliomponya Shemweta Ngiri

Hadithi hii naileta bila mwisho. Msinilaumu, nimeutafuta mwenyewe ukanishinda.

Huko milima ya Usambara walikuwako watu watatu. Kilua, mpasua mbao, alikuwa na mikono inayosikia: akiwa ndani ya shimo ameshika mpini wa chini wa msumeno, alijua hali ya mwenzake aliye juu ya gogo bila kumtazama. Mwanaidi alikuwa na akili ya kupanga jambo likapangika. Sista Eliwaza, muuguzi, alikuwa na sikio: wagonjwa walimwambia yale wasiyowaambia wake zao.

Wote watatu walikutana kwa Shemweta, mume wa Mwanaidi na mwenzake Kilua msumenoni. Shemweta alikuwa na ngiri. Uvimbe ulimtoka kinenani kila alipovuta msumeno, naye kwa aibu aliuficha miaka minne, akijifunga kitambaa.

Kilua ndiye aliyegundua, maana msumeno ulisita kila ulipopanda. Alipombana, Shemweta alikiri, akamwapisha asimwambie mtu. Kilua akaapa. Kesho yake akaenda moja kwa moja kwa Mwanaidi akamweleza yote, kwa kuwa alishamzika binamu yake aliyekufa kwa ngiri iliyonasa utumbo.

Mwanaidi alijua mumewe ni mbishi. Akamwambia waende hospitali kumjulia hali kaka yake Mwanaidi. Kufika, kaka hayupo. Kitanda kilichotandikwa kilikuwa cha Shemweta, na kando yake ameketi baba mkwe. Nani hubishana mbele ya mkwewe? Shemweta akainamisha kichwa, akatia sahihi, akapasuliwa, akawekewa wavu wa kuzuia uvimbe usirudi.

Uvimbe ukaisha, lakini yakaja maumivu mengine. Mwaka mzima kinena kilimchoma hata akivaa suruali, na msumeno hakuugusa. Daktari aliyempasua alimwambia atazoea. Kwa uchungu Shemweta akaweka nadhiri mbele ya majirani: ndama wa ng'ombe wake wa pekee atakuwa wa mtu atakayemponya.

Shemweta alipolazwa tena kwa maumivu hayo, Eliwaza hakuamini habari ya kuzoea. Alimuuliza taratibu, mpaka Shemweta akamnong'oneza kwamba maumivu hayo yamemtenga na mkewe hata kitandani. Alimsihi iwe siri, naye akaahidi. Daktari bingwa alipopita, Eliwaza akalisema jambo hilo wodini, mbele ya wanafunzi wa udaktari na mbele ya Kilua aliyekuja kumtazama mgonjwa. Kwa neno hilo bingwa alishuku kuwa mshipa wa fahamu umeshonwa pamoja na wavu. Akampasua tena, akaukuta hivyo, akauachilia. Alipotajiwa ndama alikataa, akasema amefanya kazi yake tu.

Baada ya wiki chache Shemweta alitembea wima. Akawaita wale watatu uani, kamba ya ndama mkononi.

“Nisingesema, tungekuzika,” alisema Kilua.

“Kusema tu hakumfikishi mtu hospitali,” akasema Mwanaidi. “Mimi ndiye niliyekufikisha, mume wangu.”

Eliwaza alisema pole pole kwamba bila yeye, mzee angekuwa hai na amekunja kiuno hadi leo.

Shemweta aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na hasira, na aibu pia.

“Mmeniponya, sikatai. Lakini niliwaamini, na kila mmoja wenu amenivua nguo mbele za watu. Nikipatwa na jambo tena, nimwambie nani?”

Kilua alitazama chini, Mwanaidi akajifuta macho kwa ncha ya khanga, Eliwaza akasema samahani.

Ng'ombe ni mmoja, ndama ni mmoja, na nadhiri lazima itimizwe. Haya, mlionisikiliza, niambieni. Wewe ndiwe Shemweta: kamba hiyo ungempa nani, na je, ungeweza kumtazama usoni ukimpa?