Kundi la Walio Peke Yao

Wapendwa, asubuhi ya leo nawapeleka Tukuyu, kule kwenye baridi na migomba, nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu wa posta. Jina lake silisemi, maana hata wenzake hawakulitumia. Walimwita Sikio.

Jina hilo lilitokana na redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, hapana. Ni ile redio ya ridhaa, ambayo mtu mwenye leseni anatandaza waya wake juu ya mianzi, anakaa mezani, anazungumza na watu wa nchi za mbali asiowajua, bila malipo, kwa kupenda tu. Watu hao wana mashindano yao. Kwa siku mbili kila mmoja anatafuta sauti nyingi za mbali kadiri awezavyo. Akiipata moja, wanatajiana vitambulisho vyao vya herufi na tarakimu, anaandika, anakwenda kwa nyingine. Huyu mzee wetu alikuwa akizichomoa sauti kwenye mikwaruzo ya redio kama mama anayetoa vijiwe kwenye mchele. Wenzake wanasikia kelele, yeye anasikia mtu.

Kisha uzee ukaja, na haukuanzia magotini. Ulianzia palepale kwenye sifa yake. Masikio yakaanza kufa, na mzee hakumwambia mtu. Kanisani wengine wakicheka naye anacheka, hajui kilichochekesha ni nini. Msigeukiane, nawaona. Mkewe akamsihi aende hospitali, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Aliona haya. Mtu ameitwa Sikio maisha yake yote, atakwendaje kumwambia daktari kwamba hasikii?

Mashindano yakafika. Jumamosi asubuhi mzee akawasha redio, na baada ya muda mkewe, Mama Sekela, akaingia na chai. Akasimama mlangoni. Akasikia sauti ya mtu inaita, dhaifu lakini ipo, na mumewe anaipita. Akasikia ya pili, nayo akaipita. Mabega ya mzee yalikuwa yameshuka, na Mama Sekela alimhurumia.

Hakumsema. Alikwenda kuchukua ungo wake wa maharage, akavuta kiti, akakaa karibu naye akaanza kuambua. Sauti nyingine ilipokuja, akamgusa bega. Mzee akaacha kuzungusha kitufe cha redio, akatega sikio, hola. Basi mama akainama sikioni pake, akamtajia herufi moja moja alizozisikia. Mzee akaita. Akajibiwa.

Wakaendelea hivyo siku zote mbili. Ndiyo, ibada waliikosa, na mchungaji wao aliviona viti vyao vitupu. Lakini nawaambia ilikuwa raha. Walikula viazi palepale mezani, wakigombania chumvi kama wachumba. Alikuwa hajakaa karibu na mkewe kwa muda mrefu namna ile tangu watoto waondoke nyumbani. Jumapili jioni mashindano yalipofungwa, mzee akatazama alichopata, akaona hata ujanani hakuwahi kufikia pale.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila mshindani hutuma taarifa yake, na ndani yake anasema yuko kundi gani. Kuna kundi la walio peke yao, ambao kila sauti wameitafuta wenyewe. Kuna kundi la waliosaidiwa, aidha na mtu, aidha na mtandao unaowaambia nani yuko wapi. Makundi yote mawili ni halali. Hakuna aliyekatazwa kusaidiwa. Unachotakiwa ni kusema tu.

Mzee alijua kwamba akijiweka na walio peke yao, atakuwa wa kwanza, na jambo hilo alikuwa amelitamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akijiweka na waliosaidiwa, atamezwa na vijana wenye kompyuta zao. Tena wenzake watauliza, Sikio kasaidiwa kitu gani? Na aibu yote aliyoificha itakuwa hadharani. Wewe ungeandika nini? Usinijibu haraka.

Mama Sekela akaona kalamu imesita.

"Baba Sekela, andika uko peke yako," akasema. "Mimi nilikuwa naambua maharage yangu. Nani atauliza?"

Hakuwa na hila yoyote. Alimpenda mumewe, akataka ampe zawadi aliyoingoja miaka yote. Mnaona jaribu linavyokuja? Tumezoea kulitazamia lije na pembe, kumbe mara nyingine linaletwa na mtu anayekupenda, tena kwa sauti ya upole.

Mzee aliiweka kalamu chini. Akamshika mkono, ule mkono uliokuwa ukimgusa bega.

"Mama Sekela," akasema, "hilo neno peke yangu, siku moja nitaliandika kwa kweli, au utaliandika wewe. Mungu ndiye ajuaye nani atatangulia. Lakini leo upo. Usinifanye niandike kwamba hukuwepo."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mzee akaandika kwamba amesaidiwa. Na kwa kuwa palikuwa na nafasi ya maelezo, akaongeza: nimesaidiwa na mke wangu, kwa sababu masikio yangu hayasikii tena.

Hakuwa wa kwanza. Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwa huko katikati, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Ndugu zangu, sisi tulidhani udanganyifu ni kujitwalia tuzo isiyo yako. Mzee yule aliona zaidi yetu. Aliona kwamba ili ajitwalie tuzo ile, ilimpasa kwanza amfute mtu. Na sisi tunafuta watu kila siku. Unasema umesoma kwa juhudi zako, na dada yako aliyeacha shule akachunga ng'ombe kwa zamu yako yuko wapi? Unatoa ushuhuda kwamba pombe umeiacha mwenyewe, na yule rafiki aliyekuwa akikupitisha njia ya nyuma kila jioni ili usipite kilabuni, hata kwenye matope, umemweka wapi? Na Mungu je, aliyekushika wakati hata jina huna? Mbele zake, lile kundi la walio peke yao halina mtu. Hata mmoja. Hata mimi niliyesimama hapa na joho langu.

Sikuja kuwaombeni msisaidiwe. Nimekuja kuwaombeni mseme. Pengine aliyekusaidia amekaa humu ndani, safu mbili nyuma yako, na hajawahi kusikia ukimtaja. Inuka sasa hivi, uende mpaka alipo, umwambie. Sisi tutakungoja.