Kiwanja Kimoja Juu ya Bahari

Sogeeni mnisaidie mzigo huu, mimi umenishinda.

Kilimani Mwangoni walikaa majirani watatu. Siyawezi, mhandisi, alijua maji yanapita wapi chini ya udongo. Fumo, mwashi, alipanga mawe yakakaa bila saruji. Na Bi Mwanakombo, alichopanda kilishika.

Watu wa Mwangoni walijiponza wenyewe. Miaka nenda miaka rudi walivunja matumbawe chini ya kilima, mengine wakayachoma chokaa, mengine wakajengea nyumba za juu. Bahari ikakosa kizuizi, ikaanza kula kilima. Masika ikamalizia. Nyumba zikaporomoka, wenyewe wakahama wakilia.

Watatu hawa walikataa kuhama. Siyawezi alisema maji ya mvua lazima yatolewe, na njia pekee ilipita kwake. Akabomoa nyumba yake, akachimba mtaro palepale alipokuwa akilala.

Fumo alitaka mawe ya kujaza vizimba vya waya chini ya mteremko, na ufukweni hayakubaki. Akavunja nyumba aliyoachiwa na baba yake, akayarudisha mawe yalikotoka. Siku hiyo hakula.

Nyumba ya Bi Mwanakombo ilikuwa ukingoni, uzito wake ukiusukuma udongo chini. Akaibomoa, akapanda majani yenye mizizi mirefu mteremko mzima, magoti yakichubuka.

Kilima kikatulia. Lakini palipo salama ni kiwanja kimoja tu, nacho hakibebi zaidi ya nyumba moja ndogo ya mtu mmoja.

Mjumbe wa mtaa aliwaita iamuliwe nani akipewe. Fumo alisema bila mawe yake wangekuwa wanagombania maji ya chumvi. Siyawezi akamjibu kwamba bila mtaro, mawe hayo yangekuwa yameshasukumwa baharini. Bi Mwanakombo alikuwa ameinama.

"Wanangu," akasema, "bila mizizi yangu udongo huu ungekwenda na mvua. Nilipanda nikijua nitazikwa hapa. Sasa mnanipeleka wapi?"

Tena lipo lililo baya zaidi. Mtaro huziba, waya huliwa na chumvi, majani hukauka kiangazi. Atakayepewa kiwanja atabaki peke yake, wenzake watahamia bara kutafuta ardhi. Mkono mmoja haulei mwana, sembuse kilima.

Mjumbe aliniuliza mimi niliyekuwapo kiwanja apewe nani, nami nimeuleta mzigo kwenu. Mawingu ya masika yameshaanza kukusanyika, na wote watatu wanalala kwa watu.

Je, wewe ungempa nani, ukijua wawili wakiondoka, na yeye hakai?